Mdudu Gani Anatuuma Uani? Mtambue Kwanza Kabla ya Kununua Dawa

Katika vikundi vingi tunavyotembelea tunasikia malalamiko yale yale. Jioni watu wameketi uani wakipukuchua mahindi au kuchambua maharagwe, na baada ya dakika chache kila mtu anajikuna. Watoto wanalia usiku. Mdudu mwenyewe ni mdogo hata haonekani vizuri. Mmoja anasema ni viroboto, mwingine anasema ni usubi, mzee anasema ni vumbi tu. Halafu mtu anasimama na kupendekeza: tuchange pesa, tununue dawa, tupulize boma zote.

Hapo ndipo tunaomba msimame kidogo. Dawa inayopulizwa ukutani haimfikii kiroboto aliyejificha mavumbini. Dawa inayowekwa mavumbini haimgusi usubi anayezaliwa kwenye shina la mgomba lililooza. Na hakuna dawa yoyote ya kupuliza inayoponya upele. Kikundi kinaweza kumaliza akiba ya miezi mingi na bado watu wakaendelea kuumwa, kwa sababu walipigana na mdudu ambaye hayuko.

Kuna jambo jingine kubwa kuliko pesa. Wengi wa wadudu hawa wanawasha tu. Lakini wachache wanaleta magonjwa, na mmoja wao analeta ugonjwa unaoua mtu asipotibiwa. Kwa hiyo kumjua mdudu si mchezo wa watu wenye nafasi, ni kazi ya afya.

KWANZA, ULIZENI MASWALI MANNE

Watu wengi huangalia uvimbe kwenye ngozi na kusema, "Huyu ni fulani." Uvimbe peke yake hautoshi. Ngozi za watu ni tofauti. Katika nyumba moja baba anaumwa na haonyeshi alama, na mtoto anavimba mwili mzima, ingawa mdudu ni yule yule. Ni afadhali kuuliza hivi:

1. Anauma saa ngapi? Mchana, jioni jua likitua, au usiku mkiwa mmelala?

2. Anauma wapi mwilini? Miguuni chini ya goti, kwenye uso na mikono, au chini ya nguo?

3. Mlikuwa wapi? Karibu na banda la kuku, mahali mbwa analala, kwenye migomba, karibu na mto, au karibu na kichuguu?

4. Anaruka kama panzi, anapaa kwa mabawa, au anatambaa?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu ya kila boma. Mara nyingi mkisoma majibu hayo pamoja, nusu ya kazi imekwisha.

PILI, MKAMATENI

Hapa hamhitaji vyombo vya bei. Tumia vitu vilivyoko nyumbani.

Soksi nyeupe. Vaa soksi ndefu nyeupe, au funga kitambaa cheupe kuanzia kwenye kifundo cha mguu mpaka goti. Tembea polepole uani na kwenye banda kwa dakika kumi. Kama kuna viroboto, utawaona kama nukta nyeusi kwenye cheupe, nao wataruka ukitaka kuwashika.

Karai la maji. Usiku weka karai lenye maji kidogo na sabuni chini mahali mnapoumwa. Tundika taa au tochi juu yake. Viroboto huruka kufuata mwanga na kuanguka majini. Sabuni inawafanya wazame. Usubi na wadudu wengine wapaao wataanguka humo pia, na asubuhi mtawaangalia vizuri.

Karatasi ya mafuta. Chukua karatasi nyeupe, ipake mafuta ya mbarika pande zote mbili, uisimamishe kwa kijiti karibu na tundu la kichuguu au kwenye ufa wa ukuta tangu jioni hadi asubuhi. Watafiti wametumia njia hii kwa miaka mingi. Ila msiingize mkono ndani ya tundu. Kichuguu kinaweza kuwa na nyoka.

Kitambaa chenye maji. Chana manyoya ya mbwa au paka juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Mkiona chembe nyeusi zinayeyuka na kuwa nyekundu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Mnyama huyo anao hata kama hamkumwona hata mmoja.

Mdudu akikamatwa, mgandisheni kwa selotepu kwenye karatasi nyeupe. Andikeni tarehe, saa na mahali. Karatasi hiyo mpeni afisa wa afya ya umma au afisa wa mifugo. Afisa atasaidiwa na mdudu mmoja kwenye karatasi kuliko maneno ya watu kumi.

TATU, MLINGANISHENI NA HAWA

Kiroboto. Urefu wake ni milimita 2 hadi 3. Ni wa rangi ya kahawia iliyoiva, amebanwa ubavuni kama samaki, hana mabawa, na anaruka sana. Huuma miguuni, hasa karibu na kifundo, na alama zake huwa mbili au tatu pamoja. Mayai yake huanguka mahali mbwa, paka au mbuzi wanapolala. Watoto wake ni kama viwavi vidogo vinavyokula uchafu wa mavumbini. Baadaye hujifunga kwenye kifuko, na humo anaweza kukaa miezi akingoja. Akisikia mtikisiko wa miguu, anatoka. Ndiyo sababu nyumba iliyofungwa muda mrefu inaweza kuonekana imejaa viroboto siku ile watu wanarudi.

Kiroboto wa panya ndiye anayeleta tauni. Majirani zetu wa Lushoto, Tanzania, walipata tauni mara nyingi tangu mwaka 1980. Kwa hiyo mkiona panya wengi wanakufa ovyo pasipo kuwekewa sumu, msiwashike kwa mikono. Pelekeni habari kwa afisa wa afya siku hiyo hiyo.

Funza. Wengine humwita tekenya. Huyu ni ndugu wa kiroboto lakini ni mdogo zaidi, kama milimita 1 tu. Jike huingia katika ngozi, hasa kwenye vidole vya miguu, kando ya kucha na kisigino. Ndani ya siku chache hunenepa kama punje ya njegere, na unaona duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Kwenye nukta hiyo ndiko anakopumulia na kudondosha mayai. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Aliletwa Angola na meli kutoka Brazili mwaka 1872, akavuka bara hili kwa miguu ya wasafiri, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika kwetu Afrika Mashariki. Basi wale wanaosema kwamba funza ni laana ya ukoo fulani wakumbuke kwamba alikuja kwa meli.

Usubi wa matope. Ni mdogo sana, milimita 1 hadi 3, na wengine hupita katika matundu ya chandarua cha kawaida. Huja wengi kwa pamoja jua likitua na alfajiri, na huuma uso, masikio na mikono. Maumivu yake ni makubwa kuliko mwili wake. Huzaliwa kwenye matope, kwenye kinyesi cha ng'ombe chenye majimaji, na kwenye mashina ya migomba yanayooza. Hana nguvu ya kupaa, na upepo kidogo humshinda. Kwa mifugo huyu ni adui, maana ndiye anayeeneza ule ugonjwa wa kondoo unaovimbisha midomo na ulimi.

Usubi wa vichuguu. Huyu ndiye tunayeomba mumjue vizuri. Ni wa rangi ya manjano iliyofifia, milimita 2 hadi 3, mwenye nywele mwilini na miguu mirefu myembamba. Akitua, mabawa yake husimama juu kama herufi V. Hapigi kelele kama mbu. Hupaa kwa kurukaruka hatua fupi fupi. Mchana hujificha katika vichuguu, mashimo ya wanyama na nyufa za kuta, na giza likiingia hutoka kuuma. Huyu ndiye anayeleta kala-azar. Tutarudi kwake hapa chini.

Usubi wa mto. Ni mweusi, mwenye mgongo wa nundu, na huuma mchana karibu na mito iendayo kasi. Zamani katika sehemu za magharibi ya Kenya alileta upofu. Katika miaka ya 1940 na 1950 mito ilitiwa dawa na aina ile iliyokuwa ikileta ugonjwa ikamalizwa kabisa huko. Mwaka 1950 watafiti walieleza kwamba watoto wa usubi huyo walikuwa wakiishi wameshikamana na kaa wa mtoni. Watu walikuwa wamewatafuta kwenye mawe na majani bila kuwaona. Somo ni lile lile: ukijua mdudu anazaliwa wapi, umepata mlango wa kumshinda.

Utitiri wa kuku. Ni kama nukta inayotambaa, nyeupe akiwa na njaa na nyekundu akishiba damu. Huumwa zaidi yule anayefungua banda na kuokota mayai. Pitisha karatasi nyeupe kwenye nyufa za kiota usiku, halafu ibonyeze. Ukiona michirizi ya damu, ni huyo. Angalieni pia macho na kishungi cha kuku. Kuna viroboto wanaong'ang'ania hapo bila kuruka.

Kupe wachanga. Wale wanaokata nyasi za ng'ombe hurudi na nukta nyingi zinazotambaa miguuni na kiunoni. Hao ni kupe waliotoka tu kwenye mayai, nao wana miguu sita. Wakikua wanakuwa na minane.

Mbu wa mchana. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na huuma vifundo vya miguu mchana. Huzaliwa katika makopo, matairi na mitungi yenye maji. Huyu ndiye aliyehusika na chikungunya huko Lamu mwaka 2004.

Na kuna wengine ambao si wa uani. Mkiumwa mkiwa kitandani tu, tazameni mishono ya godoro. Vidoa vyeusi na mdudu bapa kama dengu ni kunguni. Katika nyumba ya udongo yenye nyufa anaweza kuwa papasi, ambaye huleta homa inayopona na kurudi. Na ikiwa mwasho ni katikati ya vidole, kwenye viwiko na kiuno, unazidi usiku, na umeshika jamaa nzima, huo ni upele. Hapo msitafute mdudu uani. Nendeni dispensari mpewe dawa ya kupaka, na watu wote wa nyumba wapake siku moja.

KALA-AZAR: MSICHELEWE

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa kala-azar huko Kitui. Watafiti waliofuatilia waliona uhusiano kati ya ugonjwa na vichuguu vilivyo karibu na nyumba, mahali ambapo watu huketi jioni. Hata leo ugonjwa uko katika sehemu kavu kama Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera, Isiolo na Kitui.

Dalili zake huanza polepole, miezi baada ya kuumwa. Homa haiishi kwa wiki mbili au zaidi. Mtu anakonda, anaishiwa damu, na tumbo linavimba upande wa kushoto kwa sababu bandama imekua. Kwa kuwa ni homa, mtoto hupewa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Wengine huambiwa wamerogwa, na huchanjwa tumboni kwa wembe. Wakati huo wote ugonjwa unaendelea, na mgonjwa asipotibiwa hufa.

Kwa hiyo shikeni neno hili. Mtoto au mtu mzima wa sehemu hizo akiwa na homa ya wiki mbili isiyosikia dawa ya malaria, na tumbo linavimba, mpelekeni hospitali na mtaje wenyewe jina la kala-azar. Msingoje mhudumu alifikirie. Kuna kipimo cha haraka cha tone la damu. Matibabu ni sindano za kila siku, kwa kawaida kwa siku 17. Kikundi kinaweza kusaidia hapa kuliko mahali pengine popote: nauli, chakula, na mtu wa kulinda watoto na mbuzi wakati mama yuko hospitali na mgonjwa.

MNACHOWEZA KUFANYA PAMOJA

Kama ni viroboto: Fagieni mahali mnyama analala kila siku mbili au tatu na mchome takataka. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Anikeni matandiko juani. Muulizeni afisa wa mifugo dawa ya mbwa na paka. Mkitumia dawa mavumbini, rudieni baada ya wiki mbili, kwa maana wale walio kwenye vifuko hawakufa mara ya kwanza.

Kama ni funza: Osheni miguu kwa sabuni kila jioni, vaeni viatu, na sakafu ya udongo isiribwe isibaki na vumbi. Kumbukeni mbwa, nguruwe, mbuzi na panya nao hubeba funza. Msitumie pini moja kwa watu wengi, kwani inapitisha Ukimwi na ugonjwa wa ini, na kidonda kichafu huleta pepopunda. Siku hizi kuna mafuta ya dimetikoni ambayo humziba funza pumzi. Katika utafiti uliofanywa Gatundu na kuchapishwa mwaka 2014, baada ya siku 7 funza 78 katika kila 100 waliopakwa mafuta hayo hawakuwa na dalili yoyote ya uhai. Kwa miguu iliyoloweshwa katika ile dawa ya zambarau walikuwa 39. Ulizeni kwenye kituo chenu cha afya.

Zaidi ya dawa, mwenye funza anahitaji watu. Mara nyingi ni mzee anayeishi peke yake au mtoto aliyeacha shule kwa aibu na maumivu. Siku moja ya kikundi ya kuchota maji, kuosha miguu na kusiriba sakafu inamrudisha mtu huyo kati ya wenzake. Msimcheke na msimpige picha.

Kama ni usubi wa matope: Katakateni mashina ya migomba yaliyovunwa na kuyatandaza yakauke. Chimbeni mfereji wa kutoa matope kwenye zizi na kwenye bomba la maji. Kinyesi kitandazwe au kiingizwe kwenye shimo la mbolea lililofunikwa. Jioni vaeni mikono mirefu na mketi penye upepo.

Kama ni usubi wa vichuguu: Hamisheni mahali pa kuketi jioni mbali na kichuguu. Watoto wasicheze juu yake giza likiingia. Zibeni nyufa za kuta kwa udongo. Lalaleni ndani ya chandarua chenye dawa, hata wale wanaolala nje kwa sababu ya joto.

Kama ni utitiri: Toeni viota vyote, chomeni nyasi za zamani, na mpake chokaa nyufa za banda.

NENO JUU YA SUMU

Tumeona watu wakipaka dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye vichwa vya watoto, wakipuliza dawa ya sukumawiki kwenye godoro, na wakitia miguu yenye funza ndani ya petroli au mafuta ya taa. Tafadhali acheni. Dawa hizo hupita kwenye ngozi, na mtoto mdogo hulemewa upesi kuliko mtu mzima. Petroli huchoma ngozi na ni hatari karibu na moto wa jikoni. Dawa yoyote isiyo na karatasi ya maelezo msiinunue. Ile yenye maelezo, mtafuteni wa kuisoma mpaka mwisho. Na chupa ikiisha itobolewe. Isitiwe maji wala maziwa.

MAZUNGUMZO YA KIKUNDI

Someni makala hii kwa sauti katika mkutano ujao, halafu mjadili:

1. Katika kijiji chetu watu wanaumwa zaidi saa ngapi, na wapi?

2. Kati ya wadudu tuliosoma, ni wapi tunaodhani tunao? Nani atavaa soksi nyeupe, nani ataweka karai, na nani atapeleka karatasi kwa afisa?

3. Je, kuna mtu kijijini mwenye homa ndefu na tumbo linalovimba ambaye hajafikishwa hospitali?

4. Ni nani mwenye funza ambaye hatujamtembelea?

5. Fedha tulizotaka kununulia dawa ya kupuliza zingeweza kufanya nini kingine: sakafu, viatu vya watoto, au nauli ya mgonjwa?

Gaweni kazi kabla ya kuondoka, na mwandishi aandike majina ya waliopewa. Kwenye mkutano utakaofuata, kila mmoja aje na karatasi yake. Hapo ndipo mtakapojua kama kuna dawa ya kununua, na ni dawa gani.